Viuno vya Wauguzi Ndani ya Kopo la Biskuti

Nileteeni ghala zima la makaratasi, nami nitawarudishia kopo moja la biskuti. Hakuna kitakachopotea. Na mwenye karatasi yake akija kuitaka, atakuwa nayo mkononi kabla hajamaliza kutaja jina.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia shangazi yangu, nikiwa nimekaa juu ya meza yake ya kukatia nguo, miguu inaning'inia, mdomo umejaa mkate wake.

"Shuka mezani kwanza," akasema. "Halafu ndiyo unidanganye."

Shangazi ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa sababu ni dada wa baba. Ukipimwa naye umepimwa. Hakupimi tena mpaka uzeeke au ujifungue. Kila mteja ana karatasi yake ya kaki, na humo shangazi ameandika kila kitu tangu kola hadi pindo, pamoja na bega lililoshuka na mkono uliozidi mwenzake. Karatasi zote zilikaa kwenye kabati la mbao nyuma ya kiti chake. Mteja akitaja jina, shangazi alikuwa anarudisha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anayejikuna mgongo, na karatasi inatoka. Wanawake walimpenda kwa hilo. Hakuna mwanamke anayefurahia kupimwa mara ya pili, maana mara ya pili futi huwa na habari mbaya.

Sasa mwenye nyumba akaja na tamaa zake. Akakikata chumba kwa ukuta wa plaiwudi, nusu akampa fundi simu. Kabati likabaki limesimama katikati ya njia kama mgeni asiyejua kuaga. Ama litoke lenyewe, ama itoke cherehani moja.

"Litoke kabati," nikasema. "Karatasi niachie mimi."

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, na akili zilikuwa zinaniwasha. Nilizitazama zile karatasi nikaona kitu ambacho shangazi hakukiona kwa miaka yote hiyo: zinafanana! Kola ya duara, kola ya duara, kola ya duara. Mfuko wa kalamu kushoto, mfuko wa kalamu kushoto. Hata tarakimu hazikutofautiana sana, huyu kazidi inchi moja kiunoni, yule kapungua nusu mikononi. Kwa nini jambo moja liandikwe mara mia?

Mtu mwenye akili ya kawaida angetafuta karatasi ndogo zaidi, akaandika kwa herufi ndogo, akaenda kulala. Mimi nilikuwa na akili kupita hiyo, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Nilimwandika mteja wa kwanza kwa ukamilifu, naye alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali iliyo mwisho wa mtaa wetu. Mteja wa pili nikamwandikia kijikadi: "Kama Metroni, ila kifua pungufu inchi mbili." Wa tatu: "Kama huyo wa pili, ila mikono zaidi nusu." Wa nne kama wa tatu, wa tano kama wa nne, nikaenda hivyo hivyo mpaka kabati likaisha na kopo la biskuti halijajaa. Zile karatasi za kaki nikampelekea fundi viatu wa jirani, akazisokota na kuzijaza ndani ya viatu vyake vipya ili visibonyee.

Shangazi aliinua kopo, akalitikisa karibu na sikio.

"Wateja wangu wote wamo humu?"

"Wote, na nafasi imebaki ya wajukuu zao."

"Na nikimtaka wa mwisho?"

"Taja jina tu, shangazi. Mimi nitakusomea."

"Haya, Profesa," akasema. Ndilo jina alilonipa siku hiyo, na hakulitamka kwa heshima.

Mambo yalikwenda vizuri kwa sababu hakuna aliyekuja kushonesha nguo mpya. Kisha Metroni akaingia mwenyewe, na mwili wake ulipopita mlangoni duka likawa dogo zaidi.

"Fundi, wodi mpya ya watoto inafunguliwa Jumamosi," akasema. "Nataka wauguzi wangu wote wawe na sare mpya. Ijumaa ziwe ofisini kwangu. Kuna watu kwenye kamati wanataka tununue zilizoshonwa tayari, nimewaambia ninaye fundi asiyepima mtu mara mbili. Usiniaibishe."

"Nimewahi?" shangazi akauliza.

"Bado," Metroni akajibu, akacheka, akatoka.

Shangazi akatandaza kitambaa, akashika chaki. Nikaweka kopo mapajani kama mpiga ngoma. Tukaanza na Metroni, nikamsoma kwa pumzi moja. Shangazi akatabasamu. Nikajiona nimeshaiokoa dunia.

"Sista wa Macho," akasema.

Nikachomoa kadi. "Kama muuza maua, ila mikono pungufu nusu."

"Muuza maua ana ngapi?"

"Ngoja kidogo. Kama karani wa posta, ila mabega zaidi robo."

"Na karani?"

"Kama mama mkwe wa kinyozi, ila kifua pungufu moja."

"Mama mkwe wa kinyozi si alihama?"

"Alihama yeye, shangazi. Kipimo chake kipo."

"Haya, kipo. Ni ngapi?"

"Kama Sista wa Chanjo, ila..."

"Jamani," fundi simu akapaza sauti nyuma ya plaiwudi, "mkifika kwa Adamu mnisalimie!"

Shangazi akaweka chaki chini. "Mwanangu, hiki ni kipimo au ni ukoo? Nimekuomba mtu mmoja, umeniletea msafara."

"Tutafika, shangazi. Haraka haraka haina baraka."

"Na pole pole yako inaleta Jumamosi."

Tulifika, lakini kwa jasho. Kwa kila muuguzi nilirudi nyuma kadi baada ya kadi, nikijumlisha na kutoa kwa vidole, na nikikosea katikati tunaanza upya. Zamani shangazi alikuwa anatoa karatasi huku anaimba. Sasa wimbo ulikuwa unamfia mdomoni tukiwa bado kwa karani wa posta. Alikata hata hivyo, kwa kuwa kazi ni kazi, na hakunishuku. Shangazi hamkumbuki mtu kwa sura, anamkumbuka kwa karatasi. Nikimsomea tarakimu anakata tarakimu.

Jumatano akaja muuguzi mmoja kuchukua sare yake mapema. Wenzake wanamwita Uzi, na ukimwona huulizi kwa nini. Akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia kitambaa kinapapatika, halafu kicheko.

"Fundi," akaita, "mwenzangu wa kuvaa naye hii mbona hajafika?"

Akatoka. Ilikuwa hema. Mabega yalimkaa sawasawa, lakini kuanzia kiunoni ungeweza kumwingiza Uzi mwingine na watoto wake wawili.

Fundi simu alikuwa amechungulia mlangoni. "Hiyo ni sare au ni wodi mpya yenyewe?"

Shangazi hakucheka. Alishika kitambaa kiunoni mwa Uzi, akakikunja, akakikunja tena. Kisha akanigeukia.

"Ulinisomea kiuno ngapi?"

Nilikuwa nimesoma thelathini na mbili, nakumbuka vizuri. Lakini kiuno kilikuwa mbele yangu, na hata kipofu angejua hakipiti ishirini na nne. Ulimi wangu una mbio kuliko mimi.

"Ishirini na nne," nikasema.

"Nami nikasikia thelathini na mbili," shangazi akasema taratibu.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya magoti. Uzi akasema si neno, kitapunguzwa, akaiacha sare akaenda zake kazini. Mimi nikasema kitambaa cha siku hizi kinalegea. Shangazi alikuwa hanisikilizi.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Unamwambia chumvi, anakuletea sabuni. Basi masikio yameniaga. Fundi asiyesikia kipimo afadhali afunge duka kabla hajafungiwa."

"Shangazi, nguo moja tu!"

"Moja leo. Na hizo nyingine nilizokata, unajua nilisikia nini?" Akachukua mkasi wake mkubwa, akaufuta, akauviringisha kwenye kitambaa. "Kesho nitamwambia Metroni atafute mwingine."

Ningesema kweli pale pale yangekwisha. Nilifungua mdomo, na mdomo ukasema, "Nakwenda mara moja kwa fundi viatu."

Kwa fundi viatu hapakuwa na kitu. Viatu vilikuwa vimeuzwa, karatasi za shangazi zilikuwa zinatembea mjini kwenye ncha za vidole vya watu. Nikakaa kwenye ngazi yake na kopo langu, nikamfuata Uzi kinyumenyume. Uzi kama Sista wa Macho, wa Macho kama muuza maua, karani, mama mkwe wa kinyozi, mpaka nikafika kwa Sista wa Chanjo. Nikaitazama kadi yake. Pale kiunoni karatasi ilikuwa imechakaa kwa ufutio.

Nikakumbuka. Wiki iliyopita Sista wa Chanjo alikuja na tumbo lake mbele, mimba ya miezi saba, kuongezewa nafasi. Shangazi alimpima, akaniambia niandike kipimo kipya. Nami kwa bidii zangu nikafuta cha zamani kabisa, nikaandika kipya, nikalirudisha kopo mahali pake.

Mimba ilikuwa moja. Lakini kila aliyepangwa nyuma ya Sista wa Chanjo alikuwa amemwegemea, moja kwa moja au kupitia mwingine, hivyo nikawa nimeigawa kwa wote: muuza maua, karani, Uzi, nusu ya hospitali, na Mungu anisamehe, hata mwalimu wa michezo, mwanamume mwenye ndevu.

Kipimo cha zamani sikukikumbuka. Pakawa na dawa moja tu, kupima upya, na kupima upya bila mtu kujua anapimiwa sare, maana habari ingefika dukani kabla yangu. Dukani kulikuwa na koti jeupe la mtu wa maabara linalosubiri vifungo. Nikapita nyuma ya shangazi, nikalivaa, nikatia futi mfukoni.

"Tunafanya utafiti," nikawaambia wauguzi wa kwanza niliowakuta kwenye korido wakinywa chai. "Uhusiano wa kiuno na afya ya moyo."

"Nani anafanya?"

"Wataalamu," nikasema, nikashusha sauti kama wao.

Ukitaka kupima watu, vaa jeupe na usitabasamu. Walipanga foleni wenyewe, na hata Uzi, aliyetoka kuniona dukani, alilitazama koti bila kunitazama uso. Mmoja aliniuliza kwa nini utafiti wa moyo unahitaji urefu wa mkono, nikamjibu damu inasafiri mbali. Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi nao wakadai haki yao, na ili nisionekane nabagua nikawapima wachache, nikiandika kwa uso mzito. Nilitoka na viuno vyote.

Njiani nikawaza. Nikizirudisha kadi kama zilivyokuwa, Sista mwingine atapata mimba, au atakonda kwa mapenzi, na tutarudi pale pale. Kosa langu lilikuwa kumwegemeza mtu juu ya mtu. Mtu hakai pamoja. Anakula, analia, anazaa. Nilihitaji watu wasiokula.

Nao walikuwa dukani tangu nizaliwe. Shangazi ana sanamu tatu za kutundikia nguo, nazo anaziita Dada Mwembamba, Dada wa Kati na Dada Mnene. Hawajawahi kuonja hata chai. Nikawapima wote watatu, nikaandika karatasi tatu kamili zenye kola ya duara, mfuko wa kalamu na maneno yote marefu, nikamvisha kila mmoja yake shingoni. Halafu kila mteja nikamwandikia kadi yake: dada yupi, na amezidi au kupungua wapi. Basi. Hakuna ruhusa kumtegemea mteja mwenzako. Nikazipanga kwa herufi, kila herufi na kipande cha kadibodi kilichochomoza. Wale niliokuwa sijawapima nikawatenga kando ya kopo, wasubiri siku yao.

"Shangazi," nikasema asubuhi, "kata nguo ya Uzi mara nyingine. Ukikosea, mimi mwenyewe nitakusindikiza kwa Metroni."

"Nitasikiaje?"

"Nitapiga kelele."

Akaniangalia, akaufungua mkasi kutoka kwenye kitambaa chake. "Uzi," akasema kwa unyonge.

Mkono wangu ukaenda kwenye herufi, ukatoka na kadi. "DADA MWEMBAMBA! KIUNO PUNGUFU MOJA! BEGA LA KUSHOTO LIMESHUKA ROBO!"

Shangazi akamtazama Dada Mwembamba, akasubiri. "Halafu kama nani?"

"BASI! NDIYO MWISHO!"

"Mwisho?"

"MWISHO!"

"Tumesikia!" fundi simu akafoka. "Mtaa mzima unajua bega la dada wa watu!"

Akaita jina la pili, kadi ikatoka. La tatu, ikatoka. Hakuwa anasubiri tena, alikuwa anaita na kukata, anaita na kukata, na kufika adhuhuri nikamsikia anaimba chini kwa chini. Niliendelea kupiga kelele ingawa koo lilikuwa linawaka, kwa sababu nikinyamaza ataniuliza mbona ananisikia. Sista wa Chanjo alikuwa Dada wa Kati na tumbo lake, na tumbo lilikuwa lake peke yake. Usiku wa Alhamisi cherehani zote mbili ziliwaka moto. Ijumaa tukabeba mabegi.

Ofisini kwa Metroni wauguzi walivaa pale pale, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyegeuka mbele ya kioo alipigiwa makofi. Uzi alijizungusha mpaka akapata kizunguzungu. Metroni alipita akivuta pindo, akikagua mifuko, hakupata pa kuweka kidole.

"Nimewaambia kamati," akasema. "Hapimi mara mbili!"

"Hapimi!" nikaitikia kwa nguvu. "Vyote vimetoka kwenye kopo, Metroni. Futi hata hatukuigusa. Mfumo ni wangu."

"Kijana ana akili," Metroni akasema.

"Akili anazo," shangazi akasema, lakini uso wake haukuchanua. Akamvuta Metroni pembeni. "Dada, hii nadhani ni ya mwisho. Masikio hayafanyi kazi. Kijana ananipigia kelele mpaka anakauka. Sitaki siku moja niharibu kitambaa cha watu."

"Ya mwisho vipi, na daktari wa masikio yupo mlango wa tatu hapo? Kaa kwenye benchi, nitamwambia akuone sasa hivi."

"Shangazi, twende nyumbani," nikasema haraka. "Umechoka. Masikio yanataka kupumzika tu."

"Mbona leo huna kelele?" akaniuliza.

"NIMESEMA TWENDE NYUMBANI!"

Watu wote wa korido wakageuka. Shangazi akakaa kwenye benchi, begi mapajani, amenyooka kama mtu anayesubiri hukumu. Mimi nikasimama mbali kidogo, nikihesabu vigae. Daktari akisema masikio ni mazima, itakuwaje? Na akikosea akasema ni mabovu, je? Nilikuwa sijui lipi ni baya zaidi.

Mwisho mwingine wa benchi lile alikaa mzee mmoja, mguu mmoja umefungwa plasta nene. Aliponiona macho yakamng'aa. Akaniita kwa kidole. Nikajifanya naangalia dari. Akaita tena, kwa adabu, kisha akajisogeza mpaka akanifikia, akaweka kiganja kando ya mdomo. Mzee wa watu hakutaka kuniaibisha mbele za watu. Alinong'ona kwa sauti ndogo hata mimi niliyekuwa karibu nililazimika kuinama.

"Daktari, leo umekuja bila koti. Majibu ya kiuno changu yametoka?"

"Umenifananisha, mzee," nikanong'ona.

"Sikufananishi. Si ulinipima hapa hapa juzi? Mimi, na yule mama wa jino, halafu masista wote walikupangia foleni, ukawapima kiuno mpaka mikono. Yule mwembamba ulimpima mara mbili, ukasema, 'Kumbe ni ishirini na nne kweli.'"

Kwenye ule mwisho mwingine wa benchi shangazi alikuwa hajageuka. Alikuwa bado anautazama mlango wa daktari. Lakini taratibu akaliweka begi chini, akavuka mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikaona shavu lake linachezacheza.

"Endelea, kaka," akasema. "Sema hivyo hivyo pole pole. Nakusikia neno kwa neno."